Mtoto akililia kilebu, usimpe upesi

KWA miezi miwili sasa, nyumbani kwangu hakuna mazungumzo mengine ila ya mbwa. Kitindamimba wangu, aliye gredi ya sita, ametia nia kwamba sharti tumnunulie. Tena si mbwa mkubwa. Anataka kilebu, kama mwalimu wake wa Kiswahili alivyomfunza kumwita mtoto wa mbwa. Amemchora katika kila daftari, na jina tayari amempa: Simba.

Sahibu yangu mmoja, ambaye husafiri nami katika matatu kila asubuhi, alinicheka. “Mzee mzima unasumbuliwa na kijibwa? Mtoto akililia wembe, mpe!”

Nilitafakari methali hiyo hadi nikafika kazini. Wahenga hawakukosea, ila wao walizungumzia wembe. Mtoto akipewa wembe, atakayekatwa ni yeye mwenyewe na funzo atalipata. Lakini akipewa kilebu katika nyumba ambayo haiko tayari kumlea, atakayeumia kwanza ni kilebu.

Najua ninalolisema kwa kuwa lilinipata. Miaka kadhaa iliyopita, Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, nilikutana na kijana akiuza vilebu kandokando ya barabara. Alikuwa nao watatu ndani ya katoni. Aliniapia kwamba walikuwa na umri wa miezi miwili na walikuwa wamechanjwa. Sikuuliza cheti. Nilimlipa, nikamtia mmoja ndani ya koti na kuelekea nyumbani kama shujaa. Kifungua mimba wangu alirukaruka kwa furaha.

Siku ya nne, kilebu alikataa chakula. Siku ya tano alianza kutapika na kuhara damu. Nilipomfikisha kwa daktari wa mifugo, daktari alimtazama meno, akaniambia kwa upole kwamba hakuwa ametimiza hata majuma sita, na kwamba ugonjwa huo uliitwa parvo. Usiku huo alikufa. Kifungua mimba wangu leo yuko chuo kikuu, lakini hadi sasa hapendi tulitaje jambo hilo.

Basi safari hii niliamua kuuliza kwanza. Nilirudi kwa daktari yuleyule, nikaketi kama mwanafunzi.

Alianza na umri. Kilebu hafai kutenganishwa na mamake kabla ya majuma manane. Akiwa na mamake na ndugu zake ndipo hujifunza, miongoni mwa mengine, kucheza bila kuuma kwa nguvu. Chanjo za awali, ikiwemo ya parvo, huanza akiwa na majuma sita hadi manane, na hurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne hadi afikishe majuma 16. Dawa ya minyoo hupewa kila baada ya majuma mawili hadi atimize miezi mitatu. Hiyo si kwa faida yake tu, kwani minyoo ya mbwa huweza kuwaingia watoto wanaocheza mchangani.

Kabla chanjo hazijakamilika, asitembezwe pale wanaporandaranda mbwa koko, kwa sababu viini vya parvo huweza kukaa udongoni kwa miezi mingi. Hata hivyo, asifungiwe tu. Huo ndio wakati anaozoea dunia. Mbebe mikononi aone watu, asikie pikipiki na kelele za watoto, ili asije akawa mbwa mwoga anayeuma kila kitu.

Kisha kuna kichaa cha mbwa. Chanjo yake hutolewa kilebu akiwa na umri wa miezi mitatu hivi na hurudiwa kama daktari atakavyoelekeza. Hili si jambo la mzaha. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Takriban visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa, na watoto ndio huumwa sana. Mwaka 2014, Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huu ifikapo 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja mbwa. Kwa hivyo, anayefuga mbwa bila kumchanja anauhatarisha mtaa mzima. Na mtu akiumwa au kukwaruzwa, hata na kilebu, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kitakachotokea.

Hayo yote niliyapokea vizuri, maana ni mambo ya fedha na tarehe. Lililonikaba koo ni saa.

Kilebu wa miezi miwili hula mara tatu au nne kwa siku. Hawezi kujizuia haja ndogo kwa muda mrefu; kila baada ya saa mbili hivi atatakiwa kutolewa nje, na usiku pia mtu ataamka. Akikosa wa kumtoa, hana budi kujisaidia sakafuni, na kumpiga kwa ajili hiyo ni kumwonea. Nasi hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na, kwa msongamano wa magari, hurudi saa mbili usiku. Nilimtazama dada anayetusaidia kazi. Kabla sijafungua kinywa, alisema, “Baba, mimi niliajiriwa kulea watoto.” Alikuwa na haki.

Isitoshe, sisi ni wapangaji. Soma mkataba wa nyumba kabla ya kuulizia bei ya mbwa. Kuna wenye nyumba wasiotaka mnyama yeyote, na ukilazimika kuchagua kati ya chumba na mbwa, sote tunajua atakayetupwa. Wafikirie majirani pia. Kilebu aliyeachwa peke yake hulia kutwa. Jirani Mwislamu, ambaye huenda anahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, hatafurahi mbwa wako akimrukia ngazini akielekea kuswali. Na kwa wakazi wa Nairobi, kaunti ilipitisha sheria ya udhibiti na ustawi wa mbwa mwaka 2015, na mbwa anahitaji leseni.

Nanyi wanafunzi wa vyuo, msidhani siwaoni. Najua upweke wa chumba cha kukodi, na najua kilebu huuondoa. Lakini muhula ukiisha, au ukitumwa mafunzo ya kazi kaunti nyingine, ataenda wapi? Mbwa huishi miaka kumi hadi 15. Kilebu utakayemchukua leo ukiwa mwaka wa pili, atakuwa nawe ukitafuta kazi, ukihama, pengine hata ukioa au kuolewa. Wengi wa mbwa tunaowafukuza kwenye majaa ya taka, au mama zao, waliwahi kuwa na jina.

Niliporudi nyumbani, tuliandika mtihani na kuubandika ukutani. Kwa siku 30 tungeishi kana kwamba Simba amekwisha kufika. Mtoto angeamka saa kumi na moja unusu alfajiri, asafishe bakuli, alijaze maji, na ashuke ngazi kutembea dakika kumi na kamba mkononi. Mimi ningeamka saa nane usiku. Mamake angehakikisha kuna mtu mzima wa kupita nyumbani mchana. Na kila Jumamosi tungetia mkebeni fedha za chakula na daktari.

Watoto wa ploti walimcheka mwanangu kwa kutembeza kamba tupu. Hakujali. Kati ya siku 30, alikosa nne tu, na mbili kati ya hizo alikuwa na homa. Mimi niliamka siku tisa. Mchana hakuna aliyepita hata mara moja. Mkebe tuliukopa mara mbili, mara ya kwanza kununua gesi.

Jioni ya mwisho, mwanangu alisimama mbele ya karatasi ile na kuhesabu alama kwa kidole. Kisha akauliza polepole, “Baba, kama Simba angekuwa wa kweli, angekuwa hai?”

Sikuwa na jibu. Mtihani huo mtoto aliupita. Tulioanguka ni sisi wazazi.

Kwa hivyo tumekubaliana kwamba mwaka huu hatuchukui mbwa. Mzee mmoja jirani ana mbwa mtulivu aliyezeeka, na mwanangu humsaidia kumtembeza na kumwosha kila Jumamosi. Desemba, mamake akiwa likizoni, tutarudia mtihani. Tukiupita sote, huenda hata tusichukue kilebu. Daktari alinishauri kwamba anayeanza kufuga anaweza kuanza na mbwa mkubwa kidogo, ambaye tabia yake inajulikana na haamki usiku. Kuna chama cha KSPCA, kwa mfano, ambacho huwatafutia makao mbwa waliotupwa.

Nawe msomaji, ukisumbuliwa na mtoto wako kama nilivyosumbuliwa, usimkaripie. Bandika karatasi ukutani. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kununua vilevile. Lakini andika jina lako juu kabisa kabla ya lake, kwa maana mtoto ndiye atakayempenda mbwa huyo, na wewe ndiwe utakayemlea.