Vilima vya chumvi vya Lincolnshire: majibu kwa wanaozibeza picha za angani

Pwani ya Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, kandokando ya vijiji vya Marshchapel na Grainthorpe, imejaa vilima vilivyoachwa na wapika chumvi wa Zama za Kati. Picha za angani zimesaidia sana kuvitambua, lakini bado hupingwa kwa hoja dhaifu.

Hoja ya kwanza husema kuchemsha maji ya bahari hakuwezi kuacha vilima vikubwa hivyo. Ni kweli, ila wapikaji hawa hawakuanza na maji. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 tu za chumvi. Kuichemsha yote ni kuteketeza kuni bure. Walingoja bamvua lifunike ufuko wa juu, maji yapwe, jua na upepo vikaushe mchanga. Wakaukwangua ukiwa umeshiba chumvi, wakautia shimoni, wakaumwagia maji ya bahari na kukinga maji makali yaliyochujika. Hayo ndiyo yaliyopanda jikoni. Mchanga uliokwisha kuchujwa ukatupwa kando, msimu baada ya msimu, na ndio uliofanya kilima. Wanawake wa Kibiro, kando ya Ziwa Albert nchini Uganda, nao hukwangua na kuchuja udongo kwa kanuni hiyohiyo, ingawa chumvi yao hutoka kwenye chemchemi za moto.

Wengine hudai kwamba vilima hivi vya Lincolnshire huenda ni makaburi ya kale. Kilima kimoja, kikitazamwa peke yake, kinaweza kudanganya. Lakini kutoka juu unaviona vikiwa vimeshikana, havina duara la kupimwa, vimefuata hori zilizokwisha kufukiwa, na vipya vimesogea kuelekea baharini kwa kuwa taka zenyewe ziliinua ardhi na wapikaji wakalazimika kuyafuata maji. Hakuna makaburi yanayopangwa hivyo. Isitoshe, ramani aliyoichora mpima ardhi Haiwarde mwaka 1595 inaonyesha vibanda vya chumvi Marshchapel.

Wapo wanaoshauri tutafute wekundu wa udongo. Huo ni ushauri wa Essex, kusini mashariki mwa Uingereza, ambako wapikaji wa kabla ya Warumi na wa enzi zao waliacha udongo wa mfinyanzi uliochomwa, na shamba likilimwa doa jekundu hujitokeza. Mchanga wa Marshchapel umepauka.

Hoja inayoniuma ni kwamba upimaji wa leza kutoka ndegeni umezifanya picha za zamani kuwa takataka. Leza hupima kilichopo leo. Baada ya Vita Kuu ya Pili majembe ya trekta yalisawazisha vilima vingi, na picha nyeusi na nyeupe zilizopigwa na ndege za jeshi la anga la Uingereza katika miaka ya 1940 ziliviwahi vikiwa bado vimesimama. Ukizitazama mbilimbili kwa kifaa cha lenzi mbili, kimo cha vilima hujitokeza.

Picha peke yake haimalizi kesi, na sijawahi kudai hivyo. Huonyesha mahali pa kuchimba. Majivu, masizi na mashimo ya kuchujia hutafutwa chini.