Tuhifadhi Historia Pamoja na Wenyewe
Mtaa wa Sweet Auburn mjini Atlanta, Marekani, alikozaliwa Martin Luther King mwaka 1929, baadaye ulipasuliwa na barabara kuu. Biashara zikafa, nyumba zikachakaa. Mwaka 1976 serikali iliutambua kuwa turathi ya taifa, lakini kibao ukutani hakiezeki paa. Mwaka 1980 mjane wa King, Coretta, na wenziwe waliunda shirika la kukarabati nyumba hizo bila kuwahamisha wakazi maskini. Nionavyo mimi, hapo ndipo penye funzo kwa walimu na wanafunzi wetu. Haki iliyopiganiwa mtaani humo ilikuwa ya watu. Mnara uliosimamishwa penye makao ya waliofukuzwa huikana historia unayodai kuilinda. Mwacha asili ni mtumwa. Je, anayefukuzwa kwenye asili yake tumwiteje?