Na Aprili Utakula Nini?

Kijana mwenye suti ya bluu alishika maikrofoni akatuambia kwamba mshahara ni mnyororo uliopakwa dhahabu. Ilikuwa Jumapili mchana, hapa hapa Arusha, ukumbi umejaa watu waliotoka ibadani na njaa zao. Akawataka wote walioajiriwa wasimame, wanyooshe mkono wa kulia, waahidi mbele za Mungu na mbele ya kamera zake kwamba Jumatatu asubuhi wataandika barua ya kuacha kazi. Ukiacha mlango wazi nyuma yako, alisema, utarudi tu. Mpwa wangu, aliyenilipia kiingilio ili eti nami nifunguke akili, akasimama. Ana mwajiri anayemkatia NSSF na bima ya afya, na mkono wake ulikuwa juu kama wa mtu anayekamatwa.

Imani ile haikuanzia ukumbini. Utaisikia kwenye daladala za Tengeru, kwenye saluni za Sakina, kwenye vipindi vya redio vya asubuhi na midomoni mwa waheshimiwa wanaokata utepe: anayechelewa kuacha kazi ni mwoga, anayejiajiri kwa tahadhari hana imani, na utajiri humjia aliyejitosa mzima mzima. Ni uongo, tena uongo wenye bei. Anayeuamini anaulipia kwa kodi ya nyumba na ada za watoto. Anayeuhubiri analipwa kiingilio.

Nianze na Petro, maana ndiye aliyepigiwa makofi kuliko wote. Petro, tuliambiwa, aliacha nyavu zake palepale, hakuomba likizo bila malipo. Mimi nilisoma shule ya Jumapili ya Kilutheri kule Akheri, na mwalimu wetu hakuturuhusu kufunga kitabu katikati. Fungua Yohana, sura ya 21. Mambo yamekwisha kuwa magumu, Petro hajui kesho yake, anawaambia wenzake anakwenda kuvua samaki, na usiku uleule wamo chomboni. Chombo kilitoka wapi? Nyavu alizitunza nani? Muda wote ule wa kumfuata Bwana, chombo kilikuwapo ufukweni na kilikuwa bado kinaelea. Na Paulo, aliyetembea kuliko mitume wote, alishona mahema kule Korintho. Wahubiri wa ujasiriamali wanaijua vizuri sura ya kuacha nyavu. Ya kuzirudia hawajaifikia. Sisi wenye umri tunaikumbuka pia DECI, ambako wachungaji waliwaambia watu wapande mbegu za fedha wavune maradufu, hadi serikali ilipoifunga mwaka 2009 na wakuu wake wakapelekwa mahakamani. Tangu hapo, mtu wa madhabahuni akianza kunifundisha biashara, naweka mkono mfukoni kushika pochi.

Baada ya Petro akaja Laizer. Arusha hakuna semina isiyomleta Laizer. Juni 2020, Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite kutoka Mirerani kwa shilingi bilioni 7.74, Rais Magufuli akampigia simu watu wote wakisikia, na tangu siku hiyo jina lake linauza tiketi. Kinachorukwa ni maneno aliyowaambia waandishi wa habari yeye mwenyewe: kwamba ataendelea kuangalia ng'ombe wake 2,000. Elfu mbili! Mwenye ng'ombe elfu mbili akichimba mwaka mzima bila kuona jiwe, anatoa kumi mnadani na shimo linaendelea. Chini yake, gizani, yuko mwanaapolo anayechimba kwa chakula tu, hana mshahara, anasubiri mgawo wa siku jiwe litakapotoka. Wote wawili wamejitosa. Wa pili wako maelfu, na hakuna semina itakayowataja. Ujasiri wa Laizer ulikuwa na kwato.

Wakitaka mfano wa jirani, wamchukue marehemu Reginald Mengi wa Machame. Alikuwa mhasibu, tena mkuu wa Coopers & Lybrand hapa nchini, alipoanza kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Hakuondoka kwenye ofisi ile mpaka mwaka 1989. Kalamu zilikuwa zinauzwa na mshahara ulikuwa unaingia, kwa wakati mmoja, kwa miaka. Yule wa suti ya bluu angemsimamisha mbele ya watu amwambie ana woga.

Mimi kijana akija kuniaga kwamba anajiajiri, simuulizi ana ndoto gani. Namuuliza: na Aprili utakula nini?

Mtu wa mikoa mingine huenda asinielewe. Arusha ni mji wa msimu. Masika yakianza, wageni wanakatika, kambi za mbugani zinafungwa, magari yanapaki na wafanyakazi wa hoteli wanaambiwa wapumzike nyumbani bila malipo. Aliyepumzishwa hanunui supu. Muuza supu anapunguza nyama buchani. Mwenye bucha anaahirisha kumalizia nyumba, fundi ujenzi anabaki kijiweni, na mke wa fundi anamwambia mama wa mitumba pale Kilombero kwamba atapita mwezi ujao. Mama wa mitumba hajawahi kupanda gari la watalii maishani mwake, lakini Aprili anaumwa ugonjwa uleule. Hilo linatokea kila mwaka, halihitaji nabii. Na bado vijana wanafungua fremu Februari kwa pesa yao yote, halafu Mei wanasema wamerogwa.

Shemeji yangu alikuwa dereva wa watalii, kazi nzuri, kampuni inamlipa, wageni wanampa bahashishi ya dola. Mwishoni mwa 2019 alisikia mahubiri ya aina hii hii. Akaacha kazi, akachukua mkopo, akanunua Land Cruiser iliyorefushwa, dhamana ikiwa nyumba ya mama yake kule Usa River. Tarehe 16 Machi 2020 ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa corona Tanzania amepatikana, msafiri aliyetua KIA, uwanja uleule ambao shemeji alitarajia kupokelea wageni wake. Mwezi uliofuata ndege za abiria kutoka nje zikazuiwa. Watalii walioingia nchini mwaka 2019 walizidi milioni moja na nusu. Mwaka 2020 wakawa laki sita na ushee. Shemeji alikuwa na gari, leseni, tovuti na kadi za biashara zenye picha ya simba. Hakuwa na miezi. Gari likaenda, nyumba ya mama ikaponea chupuchupu baada ya ukoo mzima kuchanga.

Wataniambia corona haikuwa kosa lake. Naam, na hatari ndiyo hiyo: jambo lisilo kosa lako. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, waliopoteza mali hawakuwa wazembe kuliko waliopona. Kosa lako unaweza kulirekebisha. Lisilo kosa lako linataka akiba.

Na hapa ndipo ninapogombana na watu wote, hata wasiohubiri. Muulize kijana mtaji wake ni kiasi gani, atakutajia bei za vitu. Kilemba cha kumtoa aliyekuwamo kwenye fremu. Kodi ya miezi sita, mwenye nyumba hataki pungufu. Mwezi mmoja wa dalali, ambaye kazi yake ilikuwa kunyoosha kidole akasema "ni pale". Rangi, kabati la kioo, friji, leseni, taka, zimamoto. TRA nao, ambao kwa mfanyabiashara mdogo wa makadirio wanaangalia mauzo, hawaangalii faida, kwa hiyo unaweza kuuza sana, kupata hasara na bado ukadaiwa. Pesa yote inaisha siku ya ufunguzi, mchungaji akiwa bado anaiombea friji. Kijana anasema mtaji wake ulikuwa milioni nane. Mtaji wake ulikuwa sifuri. Milioni nane zilikuwa gharama. Mtaji ni miezi: ni mingapi unaweza kufungua mlango asubuhi, usiuze, ufunge jioni, na nyumbani wakala wakalala? Kama jibu ni mmoja na nusu, rudi kazini.

Miezi hiyo isikae kwenye simu, ambako mkono unaifikia saa sita usiku. Wala isichanganywe na pesa ya duka. Mangi wa mtaani kwetu akinywa soda ya dukani kwake anaiandika, tena anaiandika kwa sura ya mtu aliyeibiwa. Nilikuwa namcheka. Ana maduka matatu sasa.

Halafu kuna michango, ambayo hakuna semina inayothubutu kuigusa. Siku ukifungua fremu unapandishwa cheo mtaani: ulikuwa "mdogo wetu", sasa u "bosi", na kadi za harusi zinakuja na kiwango cha bosi. Harusi, kipaimara, send-off, msiba wa mtu ambaye hukumjua. Aliyeajiriwa ana udhuru, mshahara bado. Wewe unaonekana umekaa mbele ya bidhaa, utasema huna nini? Nimeona biashara zikifa bila mwizi wala moto, zimeliwa na kamati za maandalizi.

Kuna hoja wanayoipenda, na mpwa wangu alinipigia nayo njia nzima kuelekea Njiro. "Mjomba, ukiwa na mshahara unakosa njaa, na njaa ndiyo inayomfanya mtu atafute." Jamani. Kama njaa ingezaa matajiri, mtaa wetu kila tarehe 25 ungekuwa Dubai. Ninachojua mimi ni kwamba njaa humfanya fundi cherehani achukue kitambaa cha mteja wa tatu amalizie nguo ya mteja wa kwanza, na malipo ya awali ya mteja wa nne ayapeleke kwa mwenye nyumba. Njaa humfanya muuza viatu auze kwa bei aliyonunulia ili jioni ipite. Na njaa ndiyo inayompeleka mtu kwa kausha damu, au kwenye zile programu za simu zinazokopesha kwa dakika mbili na kumtangaza kwa shangazi zake akichelewa kulipa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya 69 za aina hiyo zisizo na leseni. Wateja wake walikuwa na njaa ya kutosha.

Wala sijasema watu wasianze. Anza leo, saa kumi na moja jioni ukitoka kazini. Mshahara ndio mkopo pekee Arusha usio na riba.

Wazee wa mlimani walilijua hili bila kulipa kiingilio. Panda kuelekea Nkoaranga au Poli uangalie shamba la Mmeru: kahawa chini ya migomba, ng'ombe wa maziwa bandani, na mboga za kupeleka Tengeru siku ya soko. Makubaliano ya kahawa ya dunia yalipovunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka kwa miaka. Ndizi ziliendelea kuiva. Loshoro iliendelea kupikwa. Hakuna mtu aliyepanda Meru kuwaambia wazee wale wang'oe migomba ili kahawa iwatie uchungu wa kutafuta.

Kinachoniudhi zaidi ni kuwasikia maofisa wenye mshahara, posho, gari na dereva wakiwaambia wahitimu "jiajirini", kisha gari linaondoka na kiyoyozi chake.

Turudi kwenye barua ya Jumatatu, kwa sababu ni karatasi moja tu na inaharibu mengi. Mwajiri akikupunguza, sheria ya kazi inakupa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimiza, hadi miaka kumi. NSSF nao wana fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyetimiza masharti. Aliyeacha kwa hiari yake hapati la kwanza, na la pili hapati. Yaani miezi sita, ile ile ninayoipigia kelele, ipo kwenye sheria, na kijana wa suti ya bluu aliwaapisha watu ukumbi mzima waitupe kwa mkono wa kulia, wala hakuitaja.