Mafuta ya Kupikia ni Suala la Sera, Si la Nidhamu ya Mlaji Peke Yake

Katika semina nyingi za afya mahali pa kazi, ushauri huwa ni ule ule: punguzeni mafuta. Mtoa mada hutaja lehemu, wasikilizaji huitikia kwa vichwa, kisha chai huletwa pamoja na maandazi. Hoja yangu ni kwamba ushauri huo hautoshi, kwa sababu mafuta si kitu kimoja.

Lehemu haiyeyuki katika damu. Husafirishwa ndani ya vifurushi vya shahamu na protini viitwavyo lipoproteini. LDL, inayobeba sehemu kubwa ya lehemu, ikizidi hupenya katika kuta za mishipa na kuiziba polepole. HDL husaidia kuirudisha lehemu kwenye ini. Asidi za mafuta zilizoshiba, hasa lauriki, miristiki na palmitiki, hupandisha LDL. Zile zisizoshiba, zilizojaa katika alizeti, ufuta na karanga, huishusha zinapochukua nafasi ya zilizoshiba. Lakini anayepunguza mafuta na kuongeza sukari na unga uliokobolewa hushusha LDL na HDL kwa pamoja, huku trigliseridi zikipanda. Basi swali si kiasi gani tu, bali pia badala ya nini.

Mabaya kuliko yote ni mafuta ya transi, yanayozalishwa viwandani mafuta ya mimea yanapogandishwa nusu kwa haidrojeni. Mwaka 1990, watafiti Mensink na Katan wa Uholanzi walionyesha kwamba asidi hizo hupandisha LDL na wakati huo huo hushusha HDL. Denmark iliweka kikomo cha gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta mwaka 2003. Afrika Kusini ikaanza kutekeleza kikomo kama hicho mwaka 2011. Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe ifikapo mwaka 2023.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoligeuza suala hili kuwa la maadili ya mtu binafsi. Mama lishe hununua mafuta kwa kipimo, yakimiminwa kutoka kwenye dumu lisilo na maelezo yoyote. Tumwambie asome lebo ipi? Mfanyakazi wa kima cha chini hachagui kati ya alizeti na mawese kwa kupima asidi. Huchagua kwa bei. Na bei hiyo haishuki kutoka mbinguni. Huamuliwa na ushuru wa forodha, ruzuku ya mbegu, na hali ya viwanda vya kukamua pale Singida na Dodoma. Takriban nusu ya mafuta ya mawese ni asidi zilizoshiba. Katika alizeti ni kama sehemu moja tu kati ya kumi. Anayepanga ushuru wa mafuta, apende asipende, anapanga pia afya ya mioyo yetu.

Najua nitaulizwa kuhusu nazi. Ni kweli kwamba mafuta yake yameshiba kwa takriban asilimia 90, na kwamba hupandisha LDL, ingawa HDL nayo hupanda. Lakini tui ndani ya mchuzi wa samaki na mboga si sawa na kukaanga kila kitu kwa mafuta hayo. Sioni sababu ya kuhukumu mapishi ya pwani huku tukiyanyamazia mafuta magumu ya makopo na biskuti za viwandani.

Natoa rai kwa watumishi wa umma walioko kwenye dawati la viwango na la bajeti: kikomo cha gramu 2 kiwe sheria inayopimwa maabara na kusimamiwa sokoni, na anayeuza kwa kipimo aeleze anachouza. Kwa wanafunzi na wanaharakati, bajeti ijayo ikisomwa, itafuteni ile mistari inayohusu mafuta ya kula. Tumezoea kuiachia wafanyabiashara, ilhali inatuhusu sisi sote tunaokula.