Tumwulize Mvuvi Kwanza

Kijana wa kazi atumiaye mapumziko yake kwenda kwa miguu pwani, kaskazini ya Bagamoyo, na kulala ufukoni, afanya jambo jema: aijua nchi yake. Lakini pwani ile si bustani. Mto Ruvu waingia baharini huko, na mbele yake Mto Wami, wenye mamba na viboko. Saadani nayo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, haiingiwi bila kibali.

Tena yako maji. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na upevukapo, mchanga ulio mkavu saa nne usiku waweza kuwa bahari kabla ya alfajiri.

Basi kiongozi wa safari asichaguliwe kwa ukubwa wa sauti. Achaguliwe ajuaye kuuliza: amwulize mvuvi habari za maji, apige hodi kwa mwenyekiti wa kijiji, ahesabu maji ya kunywa kabla ya kuhesabu ngoma. Msomi wa mjini asione haya kufundishwa na mvuvi. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumpelekea mama wa mwenzetu habari za msiba uliozuilika.