Dawa Inayobaki Ndani ya Jino

Tuseme wewe ni mchuma chai wa Katumba, na jino limekunyima usingizi usiku kucha. Asubuhi unakwenda Tukuyu mjini. Daktari wa meno akwambia kwamba jino hilo laweza kung'olewa, au mzizi wake usafishwe na kuzibwa. Lakini jirani amekwisha kukuonya kuwa dawa ya kuziba mzizi ni sumu. Je, hofu hiyo ina msingi?

Msingi upo, ila ni mdogo. Zamani arseniki ilitumiwa kuua kiini cha jino, na ilipovuja iliozesha ufizi na mfupa. Baadaye zikaja dawa za kuziba zenye fomalini. Ziliposukumwa nje ya ncha ya mzizi, karibu na mshipa wa fahamu wa taya la chini, baadhi ya wagonjwa walibaki na midomo yenye ganzi isiyokwisha. Dawa za namna hiyo hazifai.

Inayotegemewa zaidi ni gutapacha, utomvu mkavu wa miti ya Malasia na Indonesia, ambao mwili huuvumilia vyema. Huambatana na saruji laini. Mojawapo ni unga wa zinki uliokorogwa na mafuta ya karafuu, karafuu ileile ambayo wazee wetu huiweka kwenye jino linalouma. Hata hiyo, ikimwagika nje ya mzizi ingali mbichi, huchoma nyama. Kwa hiyo usalama hautoki katika dawa peke yake. Hapana budi mzizi usafishwe vyema, na dawa iishie ndani yake.

Miaka ya 1920, Weston Price, daktari wa meno wa Marekani, alidai kwamba meno yaliyozibwa mizizi hueneza maradhi mwilini. Uchunguzi uliofuata haukuyathibitisha madai hayo.

Basi usione haya kuuliza: Utaniziba kwa dawa gani? Ina fomalini? Nitapigwa picha ya eksirei kabla na baada ya kuzibwa? Mweleze pia daktari kama kuna dawa inayokudhuru. Na iwapo muda wa sindano ya ganzi umepita lakini mdomo bado umekufa, rudi siku ileile, usingoje kesho.

Kung'oa ni haraka, na wakati mwingine ni lazima. Lakini usikubali kung'olewa kwa sababu ya uvumi tu, kwani jino la mtu mzima halioti tena.