Kitufe cha kurukisha muda

Wasomaji wangu, leo nataka kuchokoza nyuki, na nyuki wenyewe ni walimu wetu wa kompyuta. Nawaheshimu, wengine ni rafiki zangu, lakini kuna jambo wanalowafundisha vijana ambalo siwezi kulinyamazia.

Kila mara kijana wa huku Likuyani anapojiandaa kwa mtihani wa CCNA wa Cisco, anapewa ushauri ule ule: zoeza vidole, kariri amri, gawanya dakika kwa idadi ya maswali, andika haraka. Nasema ushauri huu ni mbovu, na unawagharimu watoto wa watu pesa. Mtihani wenyewe, namba 200-301, ni dola 300 za Marekani. Kwa dola ya shilingi 129 hiyo ni kama shilingi 39,000. Mahindi ya kilo 90 ambayo serikali ilitangaza kuyanunua kwa shilingi 4,000 gunia mwaka 2023 ndiyo yaleyale tunayolima hapa kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kitale, kwa hiyo hesabu ni rahisi: magunia 10, kasoro kidogo. Ukianguka, hurudishiwi hata debe moja. Unalipa tena yote.

Sasa tuanze na hivyo vidole. Chukua mipangilio ya ruta moja, mistari 30. Mtu anayeandika polepole kabisa, sekunde 10 kwa kila mstari, atamaliza kwa dakika 5. Mwenye kasi mara mbili yake atamaliza kwa dakika 2 na nusu. Basi faida yote ya kuzoeza vidole miezi mitatu ni dakika 2 na nusu, na hapo hatujasema kwamba ruta yenyewe inakubali amri zilizofupishwa na kwamba kitufe cha Tab kinamalizia neno. Mimi ni mwandishi wa programu, naishi kwa kuandika, na sijawahi kumwona mtu aliyechelewa kumaliza kazi kwa sababu ya vidole.

Dakika zinaliwa na kitu kingine, nacho ni kusubiri mashine. Itifaki za mtandao zina saa zake na hazijali kama una haraka. Swichi inayotumia STP ya zamani, 802.1D, ukiuwasha mlango wake hukaa sekunde 15 ikisikiliza na sekunde 15 ikijifunza kabla ya kupitisha kitu chochote. OSPF kwenye mtandao wa kawaida wa Ethernet hutuma salamu kila sekunde 10, na ruta zinapokutana mara ya kwanza zinaweza kusubiri hadi sekunde 40 kabla ya kuchagua kiongozi wao. BGP ya Cisco isipopata habari za jirani yake humvumilia kwa sekunde 180, dakika 3 nzima, ndipo imhesabu amekufa. Ukituma pingi tano zisizojibiwa, hiyo ni sekunde 10. Ukifuatilia njia kwa traceroute kuelekea mahali pasipofikika, ruta itajaribu hatua 30, mara tatu kila hatua, ikisubiri sekunde 3 kila mara. Zidisha mwenyewe: sekunde 270, yaani dakika 4 na nusu za kutazama nyota zikiandikwa kwenye skrini. Na hata ukikosea herufi moja tu ya amri, ruta ambayo haijaambiwa "no ip domain-lookup" itadhani umetaja jina la kompyuta fulani na kuanza kulitafuta duniani, wewe umekaa. (Anayejua kubonyeza Ctrl, Shift na 6 kwa pamoja huikatiza. Ajabu ni wangapi hawajui.)

Haya ndiyo mambo ya kufundisha. Badala yake vijana wetu wanafundishwa kwenye Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao. Ni programu nzuri, siitukani. Lakini ina kitufe kimoja cha kurukisha muda mbele. Unawasha swichi, taa ni za rangi ya chungwa, mwalimu anasema "bonyeza pale", sekunde 30 zinaruka na taa zinakuwa kijani. Darasa linaendelea. Mwanafunzi anafanya hivyo mwaka mzima. Hajawahi kukaa na taa ya chungwa hata mara moja. Kisha tunampeleka kwenye mtihani wa dakika 120, wenye maswali ya kuzipanga ruta na swichi kwa mkono, ambapo swali ukishalipita hulirudii tena. Kitufe kile hakipo.

Unajua kinachotokea? Nimekaa nyuma ya vijana kadhaa wakifanya mazoezi kwenye vifaa halisi, na karibu wote hufanya jambo lile lile. Anaandika mipangilio sahihi kabisa ya OSPF. Anatuma pingi. Hakuna jibu. Anasubiri kidogo, anatuma tena, hakuna. Sasa jasho linamtoka, saa inakimbia, sauti ya mwalimu inamwambia haraka, haraka. Anafuta mipangilio. Anaiandika upya tofauti na mwanzo. Alikuwa sahihi! Alichohitaji ni sekunde 20 zaidi. Sasa ana kosa la kweli alilolitengeneza mwenyewe, na atalitafuta kwa robo saa. Mwingine anaona nukta moja kisha alama nne za mshangao, pingi ya kwanza imepotea na nne zimefika, naye anadhani waya una kasoro. Hapana, ruta ilikuwa bado inauliza anwani ya mwenzake kwa ARP.

Hii haitibiwi kwa kukimbia. Inatibiwa kwa kuujua muda wa kila kitu na kuutumia. Huku kwetu hakuna mama anayesimama mbele ya sufuria ya maharagwe akingoja yaive. Anayainjika kwanza, kisha anakwenda kuchambua mrenda, anachota maji, anarudi kuonja. Kompyuta nayo inafanya hivyo: programu moja ikisubiri diski, mfumo endeshi huipa nyingine zamu. Kwa hiyo washa milango ya swichi kwanza, na wakati inasikiliza na kujifunza, nenda ukaandike anwani kwenye ruta. Anzisha OSPF pande zote mbili, uiache ijadiliane, hifadhi kazi yako, soma sehemu inayofuata. Ukirudi kutuma pingi, mashine zimekwisha kuelewana. Huo ndio mgawanyo wa muda, na hauna uhusiano na kugawanya dakika kwa idadi ya maswali. Maswali hayalingani, sasa utayagawiaje sawa kama peremende?

Mtihani mkubwa wa CCIE unalionyesha hili vizuri zaidi. Ulipoanza mwaka 1993 ulikuwa wa siku mbili: unajenga mtandao, na mchana wa siku ya pili, ukiwa umetoka kula, mtahini ameuharibu nawe utafute alichofanya. Mwaka 2001 ukafupishwa kuwa siku moja ya saa 8. Tangu 2020 saa hizo zimegawanywa, 3 za usanifu na 5 za kujenga na kurekebisha. Kwa miaka mingi alama za kila kazi zilikuwa zote au sifuri, hakuna nusu. Mtu anayekimbia na kuacha kila kazi imefika asilimia 90 angeweza kutoka na mikono mitupu.

Najua nitakachojibiwa: "Bwana, shule zetu hazina ruta halisi, na stima yenyewe inapotea, Packet Tracer ndiyo tuliyo nayo." Sawa. Lakini kutobonyeza kitufe hakuhitaji bajeti! Mwalimu awaambie wanafunzi wake wakiache, taa zikae chungwa kwa sekunde zake zote 30, na kila mmoja aandike kwenye daftari alifanya nini katika muda huo. Wiki mbili tu. Kisha awape kazi yenye kosa, saa ya simu mezani, na sharti moja: haruhusiwi kufuta mstari wowote kabla ya kusema kwa sauti anangojea itifaki gani na kwa sekunde ngapi.

Mwenye kupinga aje. Jumamosi saa nane mchana nitakuwa Matunda na swichi mbili kuukuu na ruta moja inayopiga kelele kama posho mill. Njoo na mwanafunzi wako mwenye vidole vyepesi kuliko wote, mimi nitakuja na binti mmoja wa kidato cha nne anayeandika kwa vidole viwili. Saa tutaweka katikati ya meza.